Goti la Mama, Leso, na Baiskeli Isiyokwenda Popote

Enzi zetu hakuna mtu Gesima aliyefanya mazoezi, na hakuna aliyekuwa na kitambi isipokuwa karani wa kupima majani chai. Huyo alikaa kwenye kiti kutwa nzima, na sisi watoto tulilitazama tumbo lile kwa heshima kubwa, tukidhani ni sehemu ya kazi yake. Wengine wote, wakubwa kwa wadogo, tulikuwa wembamba wenye miguu migumu, wala hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ndiyo afya. Tulijua tu kwamba tumechoka, na kwamba ugali wa wimbi kwa mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote duniani.

Ninyi mliozaliwa mkakuta mfereji uani msinielewe vibaya. Chemchemi yetu ilikuwa bondeni na nyumba zetu zilikuwa juu, na aliyezipanga hivyo hakutuuliza. Mtoto wa miaka minane alishuka na debe tupu akipiga mluzi, akapanda nalo limejaa kichwani, chini yake kata ya majani ya mgomba, maji yakimchuruzika shingoni hadi mgongoni. Ijumaa tulipeleka shuleni kuni na kinyesi cha ng'ombe cha kusiriba sakafu ya darasa. Tulikwenda mbio, pekupeku, kwenye umande unaouma vidole, kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa langoni na hakupenda visingizio.

Na jioni, baada ya yote hayo, bado tulikuwa na nguvu za kucheza. Wasichana waliruka kamba na kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka vumbi likawafika magotini. Sisi tulifunga mpira wa majani makavu ya mgomba, tukaucheza hadi ukafumuka katikati ya mechi na kila upande ukadai bao. Lakini mchezo wa wachezaji halisi ulikuwa ule wa shina la mgomba. Ukishakata mkungu, shina linabaki bichi na linateleza. Tulilikalia watatu watatu tukashuka nalo mteremko kwa kelele, kisha tukalivuta kulirudisha juu. Kushuka kulikuwa kufumba na kufumbua, na kupanda kulituchukua muda wa kuchemsha chungu cha maharage. Hakuna aliyeona kwamba tulikuwa tunapunjwa.

Nayakumbuka haya ninapomtazama binti yangu Kemunto akiwa likizoni kutoka chuo huko Nairobi. Ana saa mkononi inayomhesabia hatua. Ikimwambia bado hatua mia nne, anaizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, huku mtungi wa maji ukiwa mtupu na kijana wa bodaboda akisubiriwa alete maji. Siku moja nilimwambia ashuke chemchemini, hatua zitatimia na maji yatapatikana. Alinitazama kwa huruma.

"Dadi, hiyo si workout," akasema. "Hiyo ni mateso."

Nilicheka, na nisingeendelea kuyafikiria zaidi, kama si goti la mama yangu.

Mama anaitwa Ng'ina Ong'era, kwa jina langu mimi mwanawe wa kwanza. Ana miaka themanini na kitu. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kati ya mistari ya chai akavunjika paja. Hospitalini walimtia chuma, mfupa ukaunga vizuri, lakini goti likagoma. Lilibaki limenyooka kama mwiko. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja wa kwetu mwenye sauti ndogo na mikono yenye nguvu, alinieleza akiwa ameinamia ule mguu.

"Mzee, hili goti likikunjwa kila siku miezi hii mitatu, litarudi. Lisipokunjwa, litakaa hivi hivi mpaka mwisho."

Mtu wa mjini anaweza kuishi na goti lililonyooka. Kuna viti, kuna meza, kuna jiko la kusimamia. Lakini jiko la mama yangu ni mafiga matatu chini, kwenye kijumba chenye moshi nyuma ya nyumba, na pembeni mwa mafiga kuna kigoda cha miguu mitatu ambacho marehemu baba alimchongea kabla sijazaliwa. Kigoda chenyewe hakifiki juu ya ugoko. Asiyeweza kukunja goti hawezi kukikalia, na asiyekikalia hapiki kwa mama yangu. Kwa hiyo tulimnunulia kiti cha plastiki tukakiweka barazani. Alikaa hapo mguu umetangulia mbele, kama mgeni anayesubiri kuletewa chai, akisikiliza watoto wa jirani wakipika vibaya ndani ya jiko lake.

"Sitaki kukimbia," aliniambia. "Sitaki hata kurudi kwenye chai. Nataka kukalia kigoda changu, basi. Nimekuwa mgeni kwangu."

Wiki tatu za kwanza hatukuwa na shida, kwa kuwa Kemunto alikuwepo. Kwetu Gusii mjukuu na bibi ni watani. Wale wawili huitana mke mwenza, na hutukanana matusi ambayo mimi nikiyasikia hujifanya nimekumbuka kazi upande wa pili wa boma. Kila asubuhi Kemunto aliingia chumbani kwa bibi yake, akaushika ule mguu, akaukunja, akaunyoosha, akaukunja tena. Nilikuwa nje nasikia akimwita magokoro, yaani bibi.

"Magokoro, kunja! Mzee wako huko aliko amesema hakutaki na huo mguu."

"Mzee wangu alinipenda kwa miguu, wewe utapendewa nini?"

Kisha vicheko, kisha ukelele wa maumivu, kisha vicheko tena. Goti likaanza kulegea kidogo. Halafu chuo kikafunguliwa na Kemunto akaondoka.

Hapa niseme jambo ambalo watu wa kwetu watalielewa kabla sijamaliza. Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto wake mkubwa. Mwanamume akishatoka jandoni haingii chumba cha kulala cha mama yake. Hamwoni akiwa hajavaa vizuri, hasemi mbele yake neno la chini ya kiuno, na hata jikoni kwake hakai. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote. Najua wako wanaume siku hizi wanaowaogesha mama zao na dunia haijaanguka, nami nawavulia kofia. Lakini mimi, mtu mzima niliyestaafu ualimu, nilipofikiria kulishika paja la mama yangu nikasikia masikio yakiwaka moto.

Mke wangu bado anafundisha Ogembo na hulala huko. Hurudi Ijumaa kabla jua halijazama, Sabato tunapumzika, kwa hiyo alimkunja mama goti Jumapili asubuhi, kisha akarudi kazini. Goti la kukunjwa mara moja kwa wiki ni goti la kuoneshwa tu kwamba lingeweza kukunjika. Nilipotaja kutafuta mwanamke wa kusaidia, mama alikataa kuguswa na mtu asiyemjua. Zikabaki siku tano za wiki na mimi.

Kwa hiyo nikafanya anachofanya mwanamume mwenye haya. Nilikwenda Kisii mjini kununua mashine.

Nakiri kwamba nilifurahia sana. Nina udadisi wa vyombo tangu utotoni, niliwahi kufungua redio ya baba nimwone anayesema ndani. Niliingia kwenye duka la Mzee Ramesh. Babu yake ndiye aliyelifungua, na zamani ndipo mama alipotununulia kitambaa cha sare za shule. Siku hizi upande mmoja bado ni vitambaa na leso, upande wa pili ni vyombo vya mazoezi. Nilizunguka humo kutwa nzima. Kulikuwa na mkanda wa kukimbilia unaokwenda nyuma wewe ukienda mbele. Kulikuwa na vyuma vya kunyanyua vilivyoviringwa mpira mwekundu na buluu. Nilinyanyua kimoja nikaona hakilifikii debe la maji, nikakirudisha kwa heshima. Kulikuwa na ngazi ya plastiki ya kidato kimoja, unapanda unashuka, unapanda unashuka. Nilimuuliza Mzee Ramesh watu wa Kisii, wenye vilima kila upande, wanainunua ya nini.

"Wananunua, mwalimu," akasema. "Kilima hakina risiti."

Nikapendezwa na baiskeli. Ilikuwa baiskeli kamili, ina tandiko, ina pedali, ina mahali pa kushika, ila haina magurudumu ya kwenda nayo. Unaendesha goti likijikunja lenyewe bila kuguswa na mtu. Nilipoliona jambo hilo, bila kuguswa na mtu, moyo wangu ukatulia. Mzee Ramesh akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ya mama.

"Ng'ina Ong'era?" Akavua miwani. Kigusii chake ni kizuri kuliko cha binti yangu. "Atapandaje na gauni?"

Nilikuwa nimeshaamua, na mtu aliyeamua huwa hasikii swali dogo. Nikachukua pia mipira ya kuvuta, ile mikanda ya rangi rangi, na pedali fupi za kuweka sakafuni, ikiwa baiskeli itachelewa kuzoeleka. Vikapakiwa juu ya gari hadi nyumbani, na njia nzima watu waliniuliza ile ni mashine ya kusaga nini.

Mama aliikagua baiskeli akiwa kwenye kiti chake cha plastiki. Aliniambia niipande yeye aone. Nikapanda. Nikapiga pedali kwa nguvu, jasho likanitoka, kuku wakasogea kutazama.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Haiendi, Mama. Ni ya kukunja goti."

Akafikiri. Mama ni mtu wa kanisa, na jambo jipya lazima kwanza lipite huko. "Sasa Sabato mtu akiipanda, atakuwa amefanya kazi au hajafanya?"

Nikamwambia sijui.

"Ingekuwa inafika kanisani ningejua," akasema. "Hii haifiki kanisani na haifiki sokoni." Kisha akalitazama tandiko, akalitazama gauni lake, akanitazama mimi. Nami nilielewa kile alichoniuliza Mzee Ramesh, nikiwa bado nimekaa juu yake mbele ya mama yangu kama mjinga.

Mipira ya kuvuta ilipata kazi siku ya pili, maana niliikuta imefunga matita ya majani ya ng'ombe, na kusema kweli inafunga vizuri. Pedali za sakafuni mama alizijaribu kwa uaminifu. Mguu mzima ulizunguka, na ule mgumu ulisukumwa ukateleza ukatoka. Alijaribu asubuhi nne mfululizo. Ya tano nilimkuta amezisogeza mbali kwa fimbo yake, anatazama moshi ukitoka kwenye paa la jiko lake. Nilikasirika, si kwake, nilikasirika tu.

Tuliporudi kliniki, yule dada mtaalamu aliupima mguu mara mbili.

"Umerudi nyuma," akasema. "Nani anaukunja?"

Nikaanza kumtajia vyombo. Nilivitaja vyote, na rangi zake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mzee, mashine haiwezi kufungua goti lililokauka. Kwanza mkono wa mtu, kila asubuhi. Mashine baadaye, kama itahitajika. Wewe mikono unayo."

Nikatazama chini. Yeye naye ni mtoto wa kwetu. Alipoona ninavyotazama chini, akaelewa, akajishughulisha na karatasi zake.

"Naelewa, mogaka," akasema polepole, akiniita mzee kwa lugha yetu. "Lakini goti haliwezi kuelewa. Halitasubiri."

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Pale Birongo nilinunua ndizi mbivu za watu wote, dereva, mama na mimi. Mama alishika yake mkononi bila kuimenya, akaigeuza geuza, kisha akacheka peke yake.

"Unaikumbuka ndizi?" akaniuliza.

Niliikumbuka papo hapo, na sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote hiyo.

Nilikuwa na miaka saba. Nilianguka kutoka kwenye mpera wa jirani, nikiwa na haraka ya kushuka kwa sababu jirani mwenyewe alikuwa anakuja. Mguu ulivunjika chini ya goti. Mzee mmoja wa kuunga mifupa aliufunga kwa vijiti, nikalala hadi mahindi yakakomaa, na vilipofunguliwa nilikuwa na mguu mwembamba, mkavu, usiokunjika. Watoto wenzangu wakaanza kuniita jina la korongo. Nilisikia wakubwa wakimwambia mama kwamba atashukuru tu, angalau niko hai.

Mama hakushukuru. Alichukua kamba ya ng'ombe, akaifunga kwenye nguzo ya jiko, akaivuta mpaka kwenye mkaratusi ulio uani, akaikaza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai alinikalisha miguuni pake jikoni, yeye akiwa kwenye kigoda, akapasha moto mafuta ya maziwa kwenye kigae, akanipaka, halafu akaukunja ule mguu. Sitausahau ule uchungu. Nililia mpaka majirani wakaacha kuja kuuliza. "Lia," alikuwa akisema, "lakini kunja." Akimaliza alinitoa nje, akanishikisha kamba, na mbele kwenye kamba hiyo hiyo alikuwa ametundika ndizi mbivu moja. Ukiifikia ni yako. Wiki ya kwanza ilikuwa hatua tatu. Wiki iliyofuata ilikuwa imehama. Ndugu zangu waliinyemelea ndizi ile kwa macho siku nzima, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Sikujua kwamba nafanya mazoezi. Nilijua nafuata ndizi. Siku niliyoikuta imetundikwa kwenye mkaratusi wenyewe, nilifika, nikaila nikiwa nimeuegemea mti, nikasikia mama akikohoa kohoa jikoni kwa muda mrefu.

Miaka mitatu baadaye nilitoka jandoni. Niliporudi nyumbani nikiwa nimevishwa nguo mpya, nikakimbilia jikoni kama kawaida yangu, mama alisimama mlangoni. Hakuwa na ukali wowote. "Sasa wewe si omoisia," akasema, maana yake si mvulana tena. "Toka. Jikoni si mahali pako." Tangu siku ile hakunigusa, zaidi ya kunipa mkono tukisalimiana. Nilijivuna sana. Nilikuwa na miaka kumi, ningejuaje nimepoteza nini?

Haya yote yalinirudia ndani ya gari, ndizi mikononi, na mpaka tunafika Gesima nilikuwa nimekwisha amua nusu ya jambo. Nilitafuta kamba. Siku hizi ni ya nailoni, lakini mkaratusi bado upo, umenenepa kama karani wa chai. Nikaifunga kwenye nguzo ya jiko, nikaivuta, nikaikaza. Mama alinitazama kutoka barazani.

"Hiyo ni ya kutembelea," akasema. "Na goti?"

Hiyo ndiyo nusu niliyokuwa sijaiamua. Nikasimama na ncha ya kamba mkononi. Nilimwambia ukweli, kwamba ninaogopa, kwamba sijui nitamshikaje, na kwamba ninaogopa zaidi goti likikauka wakati mimi nimesimama hapa naona haya. Sijawahi kumwambia mama maneno mengi namna hiyo kwa mpigo mmoja tangu nikiwa jikoni kwake.

Akanituma nilete leso yake moja ya zamani, ya njano yenye maua, iliyofuliwa mpaka maandishi yake yakafutika. Akaitandika juu ya mguu ule, kutoka kiunoni hadi kifundoni, akaichomeka pembeni vizuri kama mtu anayefunika chakula cha wageni.

"Wewe hushiki mguu," akasema. "Unashika leso. Kilicho ndani ya leso ni changu."

Nikapiga magoti barazani mchana kweupe, nikaishika leso. Chini yake nilihisi mfupa, mwembamba kuliko nilivyodhani. Nikakunja kidogo. Akavuta pumzi. Nikaacha.

"Mbona umeacha?"

"Unaumia, Mama."

"Na wewe hukuumia? Kunja."

Tukaendelea hivyo kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe na kabla jua halijapanda. Nilipasha mafuta kwenye jiko la makaa barazani nikampa ajipake mwenyewe, nikageuka pembeni mpaka aitandike leso yake, kisha nikaanza. Hatukuhesabu. Yule dada alikuwa ameandika mara kumi, pumzika, mara kumi, lakini mama alihesabu kwa habari za watu. Alinisimulia habari ya mtu mmoja, harusi yake, ugomvi wake na shemeji yake, na habari ikiisha ndiyo zamu imeisha. Habari za watu wagomvi zilikuwa ndefu, na siku hizo goti lilipata kazi nzuri. Halafu alishika kamba, nami nikatangulia kutundika ndizi. Kemunto alipiga simu na kumwona bibi yake kwenye kioo cha simu akitembea na kamba, akapiga kelele kwamba hiyo ni noma, na kwamba mjini watu hulipia kifaa kama hicho. Bibi yake akamuuliza kama huko mjini nako wanatundika ndizi.

Asubuhi moja nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu tulipokuwa ndani ya lile gari. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nilimuuliza alijifunza wapi mambo ya goti enzi zile, bila hospitali, bila karatasi yenye michoro. Nani alimwambia kunja kila siku, nani alimwambia kamba, nani alimwambia aihamishe ndizi kidogo kidogo?

Mama alitazama mikono yangu juu ya leso.

"Sikujua kitu," akasema. "Nilikuwa naogopa. Nilidhani nikiacha siku moja tu, utabaki hivyo."

Nikainamisha kichwa, nikaendelea kukunja. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, maana ameshayaona ya zamani.

Ile baiskeli ipo chini ya paa la zizi. Mke wangu huipanda Jumapili, na kuku mmoja mweupe ameamua tandiko lake ni pa kulala. Siisemi vibaya. Kama ningekuwa na mama mwingine, anayevaa suruali, huenda ingemfaa, na hata Kemunto na saa yake siku hizi siwacheki sana. Kila kizazi kinatafuta namna ya kuchoka. Kinachonishangaza ni kwamba sisi tulibeba maji, tukavuta mashina ya mgomba, tukafuata ndizi kwenye kamba, na nyuma ya kila kitu alikuwapo mtu anayetutazama. Sasa mtu anachoka peke yake chumbani, na saa ndiyo inayompongeza. Nimewahi kutaka kumwuliza Kemunto kama hiyo inamtosha. Sijamwuliza bado.

Ilikuwa wiki ya kumi au ya kumi na moja. Niliitundika ndizi kwenye nguzo ya jiko lenyewe, si kwenye mkaratusi, nikitaka atembee kurudi. Mama alifika, akaichukua, akaitia kwenye mfuko wa gauni. Kisha akaiachia kamba. Akaushika mwimo wa mlango wa jiko, akainama, akaingia. Nilimfuata haraka nikiwa na leso mkononi, nikihofia ataanguka. Moshi ulikuwa mwingi. Nilimwona akikisogeza kigoda kwa mguu mzima, akishika ukuta, akishuka polepole, polepole sana, goti likijikunja kwa hatua ndogo ndogo, mpaka akaketi. Alikaa. Akanyoosha mkono akausukuma ndani zaidi ukuni uliokuwa umezidi nje, akafunua chungu akanusa, akatikisa kichwa kwa yale waliyoyafanya humo alipokuwa mgonjwa.

Nilisimama pale ndani kama niliyepigwa butwaa. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama katika jiko la mama yangu tangu nikiwa na miaka kumi. Lilikuwa vile vile, kigae cha mafuta kikiwa pale pale ukutani. Nilitaka kukaa chini miguuni pake. Hakika nilitaka.

Mama aligeuka akaniona.

"Wewe unafanya nini jikoni?" akasema. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa moto na kwa furaha. "Toka."

Nikatoka. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu barazani, nikakikalia, nikanyoosha miguu mbele. Ndani nilisikia chungu kikikorogwa na mtu anayejua. Kisha sauti yake ikanifuata nje.

"Na leso yangu uiache hapo mlangoni."

Nikaikunja vizuri, nikaiweka kizingitini.